Hiyo Kompyuta Haijafa

Tulipokuwa wadogo pale Kirumba, Mwanza, kompyuta ilikuwa inavaa nguo. Msicheke, ninyi mliozaliwa simu ikiwa mkononi. Wa rika langu wananielewa. Redio ilivaa kitambaa cha kufuma, chupa ya chai ilivaa, makochi yalivaa mgongoni na mikononi, sasa ilipoingia kompyuta nani angeiacha uchi? Ya mama yangu ilivaa kifuniko cheupe chenye maua ya waridi, alichokifuma mwenyewe, kikalifunika boksi lote kuanzia juu mpaka mezani. Hata wakati wa kazi hakikuvuliwa. Kilipandishwa kidogo tu upande wa mbele ili kidole kifike kwenye swichi.

Kompyuta yenyewe aliiacha baba. Alikuwa mwalimu, akajinyima mpaka akainunua, akafungua chumba cha kuchapa kazi za watu kwenye barabara ya kushuka mwaloni, ufukweni wanakoshushia samaki. Hakuishi kukifaidi. Alipofariki, mama alikuwa hajawahi kugusa hata herufi moja. Alianza kwa kidole kimoja, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo, na kabla mwaka haujaisha alikuwa anachapa huku anaongea na mteja na kutukaripia sisi, yote kwa pamoja. Sisi ni mimi, Koku, na mdogo wangu Rweyo. Tuliishi chumba cha nyuma, na harufu ya dagaa kutoka mwaloni ilikuwa inaingia mpaka kwenye karatasi. Nadhani kuna watu walipokea barua za posa zikinukia dagaa, na wakaolewa hivyo hivyo.

Tukitoka shule tulikula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, tukanawa mikono, ndipo tukaruhusiwa kuingia kazini. Hapo ndipo nilipojifunzia kila ninachokijua. Kipanya cha enzi zetu kilikuwa na gololi tumboni. Mshale ukianza kukwamakwama, hukimbilii dukani. Unakigeuza, unaitoa gololi, unakwangua uchafu uliojiviringisha kwenye vijiti vya ndani, kisha unaipora gololi kwa Rweyo ambaye ameshaanza kuichezea uani. Kibodi tuliipindua na kuipiga makofi mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, ikatapika mchanga na makombo ya maandazi. Printa ikitafuna karatasi, unazima kwanza, unaivuta karatasi kwa mikono miwili, polepole, kufuata njia iliyopitia. Ukivuta kwa hasira kinabaki kipande ndani na mama anabaki na wewe. Kompyuta ikisahau tarehe na kudai tuko miaka ya nyuma, ujue kibetri chake cha ndani, kile kama cha saa, kimeisha. Ikiwaka na kulia mlio mrefu bila kuonyesha kitu, mama alichomoa kile kijibao cha kumbukumbu tulichokiita ramu, akasugua meno ya kijibao hicho, yale ya rangi ya dhahabu, kwa ufutio wangu wa shule, akakirudisha mpaka kikalia 'ta'. Mara nyingi ilikubali.

Juu ya yote ilikuwepo amri yake: 'Anzia ukutani.' Yaani kabla hujasema chochote, shika soketi. Kisha waya. Kisha ule waya wa nyuma ya skrini, ambao Rweyo aliupiga teke kila siku ya Mungu. Ukifika ndani ukiwa umepita kote huko, ndipo una haki ya kufungua mdomo. Neno 'imekufa' lilikuwa limepigwa marufuku katika chumba kile, na aliyelitamka alifagia.

Aliyelitamka bila kufagia alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, kutoka Muleba, ng'ambo ya ziwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja na senene, wale panzi wa kukaanga, alitukagua meno, na sisi tulimwamkia shikamoo kwa furaha ya kweli. Ila tangu msiba alikuwa na jambo moja kichwani: mjane wa ukoo na watoto wake warudi nyumbani. Mama alimwambia kazi ya kuchapa inatutosha. Baba mkubwa akasema vizuri, atakuja shule zikikaribia kufunga aone kwa macho yake. Akikuta mashine inafanya kazi, tutabaki. Akikuta haifanyi, tutapanda naye meli. Wazee wa ukoo walishakubaliana hivyo, na mama alikuwa peke yake upande wake.

Basi kompyuta ikachagua muda huo huo kuanza vituko. Ilikuwa inawaka vizuri, inachapa kidogo, halafu inazima yenyewe, 'pu', kazi yote imepotea. Ukiiacha ikapumzika inawaka tena, halafu 'pu'. Tulianzia ukutani. Tulibadilisha soketi, tukabadilisha waya, tukasugua ramu mpaka ufutio ukaisha. Fundi wa Mkuyuni alikuja akasema ni virusi, akavisafisha, na kweli vilikuwepo. Alipofika kona tu, 'pu'. Nilikuwa na hofu ambayo sijawahi kuisahau. Nilikuwa na shule yangu, mawe yangu ya kukwea, ziwa langu, na vyote hivyo vilikuwa vimening'inia kwenye boksi moja lenye maua ya waridi. Mama alishaanza kutupangia nguo kwenye mabegi.

Baba mkubwa akafika asubuhi, akaketi kwenye benchi la wateja. Mezani kulikuwa na mitihani ya kufunga muhula ya shule ya jirani, na ilitakiwa siku hiyo hiyo. Mama akachapa. Ukurasa wa kwanza, 'pu'. Akawasha. 'Pu'.

'Shemeji,' baba mkubwa akasema, tena kwa upole, 'nimeona. Hiyo kompyuta imekufa, na wewe umekaa huku mjini unachunga maiti.'

Mama hakugeuka. 'Haijafa, shemeji. Koku, mpe baba yako mkubwa chai.'

Kisha alifanya kitu ambacho hatukuwahi kukifanya katika kuanzia ukutani kote kule. Aliingiza mkono chini ya kifuniko, akaliwekea boksi kiganja kwa nyuma, kama alivyotuwekea sisi kwenye paji la uso tukirudi shule tumelegea.

'Ina homa,' akasema.

Halafu akaniuliza, 'Koku, mtoto akiwa na homa kali unamfunika blanketi?'

'Unamvua,' nikamjibu.

Nikauona uso wake ukibadilika. Maana miezi michache nyuma wale vijidudu wa ziwani walikuja kwa wingi, mnajua wanavyonyanyuka majini kama moshi na kufuata taa yoyote. Walipenya kwenye matundu ya ufumaji wakaingia ndani ya boksi. Mama, kwa kuipenda mashine yake, akakishonea kifuniko bitana ya satini nzito ili asipite hata mmoja. Wadudu hawakupita tena. Na joto nalo halikupita. Tulikuwa tunampika mgonjwa wetu huku tukimuuguza.

Alikivua kifuniko kwa mkupuo mmoja, akakitupa juu ya mabegi. Akazima, akachomoa waya ukutani, akasubiri boksi lipoe, akafungua ubavu wake. Feni ya ndani, ambayo tukisugua ramu hatukuijali hata siku moja, ilikuwa imevaa uji mweusi wa wadudu waliokauka na vumbi, mapanga yake hayaonekani. Nilishikilia feni kwa kidole isizunguke, yeye akasugua kwa mswaki mkuukuu na njiti ya ufagio, Rweyo akapuliza mpaka macho yakamtoka. Mama akaiwasha ikiwa hivyo hivyo, ubavu wazi, utumbo nje, akaigeuzia na feni ya mezani.

Akachapa. Ukurasa wa kwanza ukaisha, wa pili ukaisha. Baba mkubwa alikuwa anaitazama kama mtu anayesubiri mkungu udondoke. Chai ikamwishia, joto la mchana likamzidi, akasinzia mdomo wazi. Alipozinduka mama alikuwa anachapa sayansi, na boksi linavuma kwa raha zake.

'Bado tu?' akauliza.

'Bado, shemeji. Na kesho bado.'

Akavaa kofia yake, akasema, 'Basi.' Jioni tulimsindikiza bandarini, akapanda meli peke yake. Tuliporudi mama alisema maneno mawili tu: 'Fungueni mabegi.' Hapo ndipo alipolia, na mimi nikalia kwa kumwona analia, Rweyo akalia kwa njaa.

Leo mashine ni nyembamba kuliko daftari, na sikatai, ni nzuri. Lakini vijana wangu! Spika ya sikioni ikigoma upande mmoja, wanataka mpya, kumbe ni nta ya masikio yao wenyewe. Simu haichaji, 'imekufa hiyo', wakati tundu limejaa pamba ya mfukoni. Binti yangu analaza kompyuta yake kitandani juu ya blanketi, inapumua kwa shida, halafu ananiambia imechoka na umri. Na viwanda navyo vimeshika upande wao: betri imegundishwa kwa gundi, skrubu zina vichwa vya ajabu, kana kwamba kufungua kitu chako mwenyewe ni wizi. Natamani ile siku ya kuona mapanga ya feni yakitokeza kwenye uchafu, ukajua kabisa kilichokuwa kinakuumiza. Sioni mtoto wangu ataipata wapi.

Ila mimi sijasalimu amri. Nilikulia Mwanza, nikasomea Mwanza, nikaolewa Mwanza, kwa sababu mwanamke mmoja alikataa neno moja mbele ya ukoo mzima. Kwa hiyo nyumbani kwangu anayelisema simjibu. Namtuma bisibisi.