Nywele za Mama Baada ya Wafula

Mafuta ya nazi yakipashwa moto kidogo juu ya jiko la makaa hutoa harufu ambayo mpaka leo hunikalisha chini, popote nilipo. Ni harufu ya Jumamosi alasiri kwenye nyumba yetu ya kupanga, upande wa Kitengela unaoelekea Isinya, wakati ambapo kati ya mlango wetu na barabara kuu hapakuwa na kitu ila nyasi, migunga na ng'ombe wa majirani. Upepo wa kule haukuwa na adabu. Ulivuma kutwa, ukatujazia vumbi kwenye chai, na ndiyo maana mama alipenda tukae upande wa nyuma ya nyumba, ukutani, yeye kwenye mkeka na mimi kwenye kigoda nyuma yake. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa pekee, na kichwa cha mama kilikuwa changu. Baba alikuwa karani kwenye shamba la maua, mama alifundisha chekechea, na wiki nzima kila mtu alikuwa na haki ya kumwita mwalimu na kumsumbua. Jumamosi hakuna aliyemgusa ila mimi. Nilizigawa nywele zake mafungu manne, nikachovya vidole kwenye mafuta ya vuguvugu, nikachana kuanzia ncha kwenda juu alivyonifundisha. Zilikuwa nyingi na ngumu, nyeusi tititi, zikivunja meno ya kila kichana cha plastiki mpaka baba akachoka akaleta cha mbao. Nikichana, mama alisimulia mambo ya kwao Bungoma, na akinogewa alisinzia katikati ya sentensi. Sijawahi tena kuaminiwa na mtu kiasi kile.

Alipopata mimba ya mdogo wangu Wafula, nywele zile zilizidi kuwa nyingi. Kichana kilipita na kutoka kitupu. Wanawake wa kanisani walimuuliza anapaka nini, naye akawaonyesha mimi kwa kidole, na mimi nikajiona fundi. Niliringa, sitadanganya. Nilitembea shuleni nikiwaambia wenzangu kwamba mikono yangu ina baraka. Wafula alizaliwa mwezi wa Novemba, mvua fupi ikitwanga mabati, na karibu wiki ileile jirani yetu Mama Naserian akajifungua mtoto wa kike, mdogo wake Naserian. Mama huyu ndiye aliyetuuzia maziwa. Ardhi yote tuliyoiona kutoka dirishani ilikuwa ya ukoo wa mumewe kabla haijakatwa ploti, na alikuwa amejipa kazi ya kumchunga mama kana kwamba alimkuta amepotea njiani. Mama mzazi wa mama yangu alikuwa mbali, na safari ya kutoka Bungoma haikuwa ya kila mtu. Basi Mama Naserian alileta maziwa na uji, akakaa, akacheka kwa sauti kubwa, akaondoka bila kuaga.

Ilikuwa Machi, Wafula ana miezi minne, ameanza kucheka na kushika vitu. Nilikigawa kichwa mafungu manne kama kawaida, nikapitisha kichana, na kichana kikatoka na nywele. Si mbili tatu. Ni bonge la kujaza kiganja, na mizizi yake midogo myeupe ikionekana kwenye ncha. Nilipitisha tena, zikaja nyingine. Mama alikuwa anasinzia, Wafula mapajani, hakuona chochote. Niliviringisha lile bonge nikalitia mfukoni mwa sketi, nikaendelea kupaka mafuta kwa vidole tu, taratibu, nikiogopa hata kupumua.

Ili mnielewe lazima niseme kuhusu mama mdogo, dada yake mama. Nilipokuwa na miaka sita tulikwenda kwao nikamkuta amejifunga kitambaa kichwani, na kitambaa kilipoteleza niliona kichwa kimebaki na vishada viwili vitatu. Alikuwa mgonjwa sana. Hata mwezi haukuisha tukarudi kumzika. Siku ya tatu baada ya mazishi, kwa desturi ya kwetu, ndugu walikaa uani wakanyolewa mmoja baada ya mwingine, mama akiwa wa kwanza, wembe ukipita huku watu wakiongea mambo ya marehemu na madeni yake. Hayo mawili yalikaa pamoja kichwani mwangu tangu siku ile. Nywele zikitoka, mtu anaondoka. Wembe ukija, ameshaondoka. Hakuna mtu mzima aliyenieleza lolote, na mimi sikuuliza, kwa sababu mtoto wa wakati ule aliyeuliza habari za kifo aliambiwa aende akachote maji.

Jumamosi iliyofuata zilitoka zaidi. Nikaanza kufikiri, na mawazo ya mtoto yakishika njia mbaya hayageuki. Kama mikono yangu ndiyo iliyoziotesha, basi mikono hiyohiyo ndiyo inayoziua. Niliamua sitamgusa tena. Wiki ya kwanza nilisingizia kazi ya shule, ya pili tumbo. Ya tatu nilikimbilia kwa kina Naserian kabla mama hajatandika mkeka, nikamwacha amekaa ukutani na kijiko cha mafuta kikipoa. Nilimchungulia kutoka kwenye ua wa miiba. Alingoja kidogo, halafu akajichana mwenyewe, akaziokota zilizodondoka mmoja mmoja, akazitia kwenye karatasi akaenda kuzitupa chooni, maana alifundishwa kwamba nywele haziachwi ovyo. Niliporudi aliniuliza polepole.

"Nekesa, siku hizi umechoka na mimi?"

"Hapana, Mama."

"Ni huyu mtoto? Unaona nampenda kuliko wewe?"

Nikasema hapana tena, nikatazama chini. Ningeweza kusema kweli pale pale. Lakini niliamini nikilitaja lile jambo litakuwa, kwa hiyo nikamwacha aamini kwamba namwonea wivu mtoto wa miezi mitano.

Ziliendelea kumtoka. Tulizikuta kwenye mto, kwenye sufuria, zimeviringika kwenye vidole vya Wafula. Kila mtu alikuwa na lake. Mwanamke mmoja wa kanisani alisema ni mtoto anayezinyonya kupitia maziwa, aachishwe haraka. Mwingine akasema ni maji ya chumvi ya Kitengela. Mama alikwenda saluni kuficha, wakamsuka rasta za kubana mpaka macho yakavutika, na alipozifumua baada ya wiki mbili kwa sababu ya maumivu ya kichwa, nywele za kando ya paji la uso zilikuja nazo. Hapo akaanza kujifunga kitambaa. Nilipomwona nacho mara ya kwanza, asubuhi, akikoroga uji, nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka kwikwi ikanishika.

Mwishoni mwa Aprili, siku ya Jumamosi, kina Naserian walikuwa na sherehe ya kumpa mtoto wao jina. Mama alitangulia na Wafula, mimi nikatumwa dukani kununua sukari ya kupeleka. Nilipofika uani kwao niliwakuta wanawake wamekaa chini wakiongea na kucheka, mama katikati yao juu ya ngozi ya ng'ombe, kichwa kimelowa maziwa na maji, na Mama Naserian amesimama nyuma yake na wembe. Nusu ya kichwa cha mama ilikuwa tayari inang'aa. Nywele zilikuwa chini.

Sukari iliniponyoka. "Nani amekufa?" nilipiga kelele. "Mama, nani amekufa?"

Mama alijaribu kuinuka, Mama Naserian akamshika bega ili asijikate. Nikaanguka kwenye mapaja ya mama na yote yakatoka kwa mkupuo: mama mdogo, kichana, mfuko wa sketi, mikono yangu. "Ni mimi nimezing'oa," nilisema. "Usikufe. Sitachana tena." Alininyanyua uso, maziwa yakimchirizika shingoni, akanitazama, na nikaona anahesabu zile Jumamosi moja moja.

"Kumbe ndiyo sababu," alisema. Alinibana kifuani nikasikia moyo wake unavyokwenda.

Mama Naserian alichuchumaa mbele yetu. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kimenyolewa asubuhi hiyo, na cha mtoto wake pia. "Entito," aliniambia, yaani msichana, "hakuna mtu amekufa hapa. Sisi Maasai mama akizaa, nywele yake inakaa tu, hatukati. Mtoto akipata jina, tunanyoa yeye na mama yake pamoja, waanze upya. Na hii ya mama yako ilikuwa inaanguka tu bure. Mimi pia inaangukanga kila nikizaa. Wewe ulifikiri ni mkono yako iko na nguvu hivyo?" Wanawake wakacheka, mama akacheka, na mimi nikacheka nikilia, kamasi zikinitoka. Wembe ukamalizia upande uliobaki.

Baba aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni na mabuti yake ya shambani, asijue avue kofia au aivae. Kwetu mwanamke hanyoi kipara pasipo msiba. "Tutamwambia nini mama yangu?" aliuliza hatimaye. "Mwambie niko hai," mama akamjibu, "na uji uko mezani." Kukhu, yaani bibi mzaa baba, alipopata habari alikaa mwezi mzima bila kuongea na mama.

Wafula alipotimiza miezi sita, mama alinipeleka kliniki makusudi, akamwomba nesi anieleze mimi, si yeye. Nesi alikuwa na haraka lakini alinieleza. Alisema mwanamke akiwa na mimba, nywele ambazo zingedondoka kila siku hushikilia zisidondoke, ndiyo maana zilionekana nyingi. Akishajifungua, baada ya miezi mitatu minne, zile zote zilizochelewa huachia pamoja. Si maziwa wala maji wala mkono wa mtu, na kunyoa hakuziharakishi kuota. Zitarudi zenyewe, labda mpaka mtoto afikishe mwaka. Ale vizuri, asisuke za kubana, achane taratibu. Ila zikizidi kutoka mwaka ukipita, au zikitoka kwa mabaka, au mama akiwa na kizunguzungu na uchovu usioisha, aje apimwe damu. Nilisikiliza kila neno, na nilipotoka pale miguu ilikuwa myepesi. Jumamosi hiyo nilirudi kwenye kigoda changu. Hapakuwa na cha kuchana, nikapaka mafuta tu kwa kiganja juu ya vinyweleo laini, na mama akasinzia.

Leo naishi Kitengela ileile, ghorofa ya tatu, na pale walipolala ng'ombe wa kina Naserian pana fleti na maduka ya vifaa vya ujenzi. Binti yangu ana miezi minne na nusu. Nywele zangu zimejaa kwenye tundu la maji bafuni, na sikuhitaji kuogopa hata siku moja: simu imenieleza, daktari amenieleza, wanawake wa kikundi chetu cha mama wachanga wanatumiana picha za vipaji vya nyuso zao na kutaniana. Tunajua mengi kuliko mama alivyojua. Lakini hakuna anayenigusa kichwa. Mume wangu huniambia niko sawa akiwa mlangoni, na najichana mwenyewe mbele ya kioo, mtoto akilia chumba cha pili.

Mama alifariki miaka mitatu iliyopita, ni moyo, na nywele zake zote zilikuwepo. Nilikuwa nimeweka ulinzi mahali pasipo na hatari. Na siku hizi nikikusanya zangu kutoka kwenye mto, simkumbuki sana yule mtoto aliyeogopa. Huyo alifarijiwa na kila mtu. Namkumbuka mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mbali na kwao, mtoto mchanga mapajani, nywele zinamtoka na hajui kwa nini, na binti yake anamkimbia Jumamosi baada ya Jumamosi. Zilikuwa wiki saba. Tulipopatana alinifariji mimi, na kwa miaka yote iliyofuata sikuwahi kumuuliza yeye alizipitishaje. Sasa ninajua. Pole, Mama.