Madame Juu-ya-Nini

Watu waliofundishwa Kiingereza na Godelive Uyirwoth hutambulika kwa kimya. Wakifika kwenye nomino, husita. Ni kitambo kidogo tu, kama mtu anayepapasa kwa mguu kutafuta kipandio gizani, kisha wanaendelea. Mgeni hudhani wamesahau walichotaka kusema. Hawakusahau. Wanajiuliza neno lile linataka kwenda wapi.

Kimya hicho aliwaachia yeye, katika shule moja ya sekondari pale Saio, mtaa wa mji wa Bunia, alikofundisha miaka kumi na saba. Kiswahili ni lugha ya ukarimu, aliwaambia: hofu ya vita, sababu ya vita, jibu la vita, yote yanapakiwa kwenye mkokoteni mmoja, ule wa "ya" na "la", na yanafika. Kiingereza hakina mkokoteni huo. "Fear" inaondoka na "of", "reason" inaondoka na "for", "answer" na "to", na ukizichanganya zinabaki njia panda. Basi alirusha nomino darasani kama mpira, na aliyeidaka alipaswa kuirudisha ikiwa na mwenzake. Hata akiirudisha sawasawa, swali lilimfuata: haja ya nini? Hasara ya nini? Hakuna neno aliloliacha lisimame peke yake. Ndiyo maana wanafunzi walimwita Madame Juu-ya-Nini, kwa sauti ya chini akiwa karibu, kwa sauti ya juu akishapita.

Mwezi wa tano mwaka 2003 alikuwa shuleni anasahihisha mitihani wakati milio ya bunduki ilipoanza upande wa mtaa wa Mudzipela. Alijificha siku mbili kwa masista. Aliporudi nyumbani alikuta mlango wazi na maharagwe yameungua sufuriani. Mama yake, Mama Agathe, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mbovu tangu ujana huko Mahagi, hakuwepo. Jirani aliyebaki alimwambia kwamba walimpandisha kwenye kinga, baiskeli ya mtu fulani, wakamsukuma pamoja na umati uliokuwa ukikimbia kwa barabara ya Komanda. Nyuma yao barabara ilifungwa.

Tangu siku hiyo Godelive hakutulia. Alikula amesimama. Asubuhi alikwenda hadi mwisho wa mji, penye kizuizi, akarudi. Jioni akaenda tena. Alipolala, miguu yake iliendelea kutembea chini ya blanketi.

Shirika moja la wageni lilipotafuta watu wa kuandika kwa Kiingereza maelezo ya waliokimbia, hakwenda kwa sababu ya kazi. Alikwenda kwa sababu ya mahali. Hema la kuandikia lilikuwa mlangoni mwa kambi, karibu na uwanja wa ndege, na kila mtu aliyetoka barabarani alipitia pale kwanza. Kama habari ya mama yake ingekuja Bunia, ingekaa kwenye kile kiti cha plastiki mbele yake.

Meza ya pili ilikuwa ya Davy, kijana mnene mwenye kicheko, aliyeokota Kiingereza chake sokoni Arua akiuza vitenge. Kilikuwa Kiingereza cha mbio, kimejaa vumbi, na kilifika. Davy aliandika watu ishirini na watano kwa siku. Godelive aliandika tisa.

"Madame," Davy alimwambia, "watu iko nangojea inje kwa jua, na weye ungali natafutia neno moja bwana yake."

Watu waliokuwa kwenye mstari walicheka. Hata Godelive alicheka kidogo. Lakini mkuu wa ofisi, mama mmoja mgeni asiyejua Kifaransa, hakucheka. Alimweleza kwa upole kwamba karatasi zake zilikuwa nzuri kuliko zote, na kwamba haziwezi kuendelea hivyo. Ifikapo Ijumaa aandike ishirini kwa siku, la sivyo atahamishiwa kwenye bomba la maji, akasimamie foleni ya madumu. Bomba lilikuwa nyuma ya kambi. Hakuna aliyefika Bunia kwa kupitia nyuma.

Jumatano alijaribu. Mtu akisema hasara, aliandika hasara. Akisema woga, aliandika woga, akaita anayefuata. Kufika saa kumi alikuwa na ishirini na wawili, na Davy alimpigia makofi. Godelive alitoka akiwa na kizunguzungu. Akizunguka kati ya mahema alimsikia mwanamke akisimulia kwamba mzee mmoja, aliyepita asubuhi, alitoka Marabo, kijiji cha barabara ya Komanda, kwa miguu, na kwamba huko vizee vingi viliachwa kwenye nyumba za watu. Godelive alikimbilia makaratasi yake. Mzee alikuwemo, mtu wa saba: jina, umri, neno "loss", na baada yake hakuna kitu. Hakukumbuka hata uso wake. Alimtafuta kambi nzima mpaka giza likaingia. Mzee alikuwa amekwisha kuondoka kufuata ndugu zake.

Alhamisi alirudia mwendo wake wa zamani. Davy alimtazama, akatikisa kichwa, na hakutania.

Ijumaa, mtu wa sita alikuwa mwanamke aitwaye Adèle, muuza mihogo, ambaye mikono yake haikuachana na ncha ya kitenge. Alieleza njia yote kwa haraka: Bunia, Marabo, msitu, kurudi. Alipoulizwa kwa nini hataki kurudi Marabo alikoacha shamba, alisema ni uoga.

"Uoga ya nini, mama?"

"Uoga tu."

Nje watu walinung'unika. Mkuu wa ofisi alikuwa amesimama mlangoni na saa yake. Godelive aliweka kalamu chini.

"Hapana. Uoga ya nini?"

Adèle aliachia ncha ya kitenge. "Ya mama muzee moja," alisema. "Nilimwacha. Kinga ilikuwa ya bwana yangu, na mutoto wangu alichoka. Tulimushusha yule mama kwa nyumba ingine pale Marabo, tukapandisha mutoto. Naogopa iko muzima. Naogopa atanitambua."

Godelive aliuliza mama huyo alikuwa mtu wa wapi. Wa Mahagi, Adèle alijibu. Alisali rozari kwa Kialur, lugha ya kwao, na kila akichoka alisema binti yake ni mwalimu, atakuja. Baadaye Adèle alisikia kwamba wafanyabiashara waliokuwa wakienda Boga, karibu na mpaka wa Uganda, walimbeba kwa machela. Kama alifika, au alirudishwa Marabo, hakujua.

Godelive alichukua kalamu. Aliandika sentensi yote bila kukosea, "fear of" na kila kilichofuata, kisha akamsomea Adèle kwa Kiswahili, polepole, kama ilivyo desturi.

Adèle alikuwa akimwangalia usoni. "Mwalimu ni weye," alisema.

"Ni miye."

Adèle alishuka kwenye kiti, akapiga magoti. Godelive alimwinua kwa kiwiko, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akamwonyesha mahali pa kutia kidole gumba. Kumsamehe hakuweza siku hiyo, wala kumlaani. Alisukuma karatasi zilizobaki kwenye meza ya Davy, akachukua kitambaa chake cha kichwa, akampita mkuu wa ofisi mlangoni bila kungoja kuambiwa habari ya bomba.

Alikaa wiki tano kutafuta njia. Aliipata kwa kuzunguka kupitia Uganda, akivuka na wachuuzi wa chumvi, na kufika Boga mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Mama Agathe alikuwa hai, jikoni kwa familia ya mkulima mmoja, akichambua maharagwe. Alimgombeza kwa kuchelewa. Waliishi pamoja miaka mitatu, kisha Mama Agathe akazikwa huko huko.

Godelive hakurudi Bunia. Yuko Boga, ana shamba dogo la kahawa nyuma ya nyumba, na anafundisha Kiingereza darasa la tano na la sita.