Kamyoneti ilizima kila siku njia ya Magara, mimi nikaitwa mwizi wa esansi

Wakuu, amahoro.

Wewe ambaye gari limekuzimikia barabarani wiki hii, kaa kwanza unisikilize. Usinunue kitu bado. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Nimesukumwa na uzi wa juzi. Mkuu mmoja aliuliza kwa nini injini inazima gari likiwa kwenye mwendo. Akaambiwa abadilishe pampu ya mafuta. Akabadilisha, likazima. Akaambiwa plagi. Akaambiwa koili. Akaambiwa sensa. Kila mtu humu ana dawa, ila hakuna aliyemuuliza gari lenyewe linazima vipi!

Nimesoma mpaka kichwa kikaniuma.

Umri umesogea na macho hayapatani na simu, kwa hiyo makosa ya kuchapa mnisamehe.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru wa Burundi, kabla ya sabini na mbili. Nilikuwa shoferi Rumonge, mji wa kando ya ziwa. Tajiri yangu, nimwite Mzee Sefu, alikuwa na kamyoneti moja ya kijani. Siku hizi mnaita pikapu. Tulipeleka Bujumbura mawese na ndagala wakavu.

Ndagala ni dagaa. Asiyewajua ajue jambo moja tu: wananyonya harufu kama kitambaa.

Mdomo wa tenki ulikuwa ubavuni, karibu kabisa na tulipopanga vikapu. Barabara mashimo matupu. Petroli, sisi tukiita esansi, ilikuwa ikiruka na kuchuruzika kwenye kifuniko. Mama mmoja sokoni Bujumbura alinusa kapu, akalirudisha lote.

"Ndagala yako imekunywa esansi. Pelekea shoferi wako akule."

Mzee Sefu alirudi amefura. Akakata duara la mpira kwenye tyubu kuukuu, akalipachika ndani ya kifuniko, akazungushia nta ya nyuki. Kikabana hata nikawa nakifungua kwa mikono miwili. Harufu ikaisha. Tulimsifu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Wenye akili mmeshaona. Mimi ilinichukua miezi miwili.

Wiki ileile kamyoneti ikaanza kuzima. Haikuzima kama taa. Ilianza kukohoa, ikajivuta, ukikanyaga mafuta haina nguvu, halafu kimya. Tukitoka Rumonge asubuhi, kabla ya Magara imeshanisimamisha. Nikihangaika nayo, inawaka kama haijawahi kuugua. Mbele tena, kimya.

Na hili ndilo lililonitia wazimu: tenki likijaa ndipo ilipozima upesi zaidi. Likiwa karibu na kuisha, inakwenda vizuri.

Hebu niambie, gari gani linakufa kwa shibe?

Fundi wa Rumonge akasafisha kabureta. Fundi wa Bujumbura akabadilisha plagi na platini. Alikuwa anafungua kifuniko, anachungulia tenki, anakiweka juu ya boneti, anawasha injini. Inanguruma saa nzima. Ananitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Gari iko nzima, shoferi. Ni weye hujui kuendesha."

Wavuvi wa Magara nao, kila nikisimama pale, walikuwa na lao. "Funika pampu kitambaa cha maji." "Mupunguzie mizigo, imechoka." Mmoja akapiga kelele toka ufukweni: "Ipe samaki mukeke moja ikule, pengine iko na njaa!" Wakacheka. Nilikuwa chini ya gari, uso una vumbi.

Sasa angalieni nilivyokuwa nafanya kila ikizima. Nafungua kifuniko, natumbukiza kijiti kupima esansi. Nachomoa mpira wa mafuta, naupuliza kwa mdomo. Nafuta plagi. Nagonga pampu kwa bisibisi. Halafu nawasha, inawaka, nasema, "Ahaa, ni pampu." Kesho naanza na kugonga pampu, haiwaki. Nafanya yote, inawaka. Nasema, "Ahaa, ni plagi."

Mambo manne kwa mpigo, na sifa zinakwenda kwa lolote lililokuja mwisho. Huo ndio ujinga wangu. Ndio wa mkuu wa juzi pia, simcheki.

Lakini barabara ina macho. Mtu anayepita kwa baiskeli anaona nini? Anaona shoferi kasimama peke yake, tenki wazi, mpira mdomoni. Leo hivyo, kesho hivyo. Habari zikafika Rumonge kabla yangu.

Jioni moja Mzee Sefu aliniita uani kwake.

"Idi. Kila siku tenki iko wazi. Unamunyonyea nani esansi yangu?"

"Patron, inazima..."

"Inazima! Fundi wawili wamesema iko nzima." Hakupaza sauti, na hilo liliniuma zaidi. "Kesho nakwenda na weye. Ikizima, mukono yako isiguse tenki. Kama itawaka bila kufungua, basi ilikuwa inafunguliwa kwa sababu ingine. Utaniachia funguo."

Wakuu, Rumonge ni mji mdogo. Shoferi aliyeachishwa kwa wizi hapati gari lingine pwani yote ile. Hata salamu msikitini zinapungua. Nilikuwa nimeoa mwaka uleule. Sikulala vizuri.

Asubuhi nilipita kupakia mawese kwa Mama Zuhura, aliyekuwa akiuza karibu na soko. Alikuwa na debe jipya lililozibwa kote. Akachukua msumari, akatoboa tundu pembeni, akainamisha juu ya chupa niliyomshikia. Mawese yakatoka kidogo, yakasita, yakakohoa, yakakata. Akatoboa tundu la pili upande wa pili. Yakamwagika laini kama uzi.

Nilikuwa nimeona hivyo tangu utotoni. Siku ile tu ndiyo niliuliza.

"Mama, tundu la pili la nini?"

Akanitazama kwa huruma. "We mutu mukubwa hujui? Moja ya mafuta, moja ya upepo. Upepo usipoingia, mafuta itatokaje?"

Nilisimama pale na chupa mkononi. Yakasita, yakakohoa, yakakata. Nilikuwa nimekisikia kikohozi hicho miezi miwili.

Nataka uelewe vizuri, maana hapa ndipo uzi mzima ulipo. Pampu inavuta mafuta kutoka kwenye tenki. Kila tone likitoka, hewa lazima iingie kushika nafasi yake. Kifuniko kina kijitundu kwa kazi hiyo. Ukikiziba, tenki linajibana ndani kama mtu aliyetoa pumzi akakataa kuivuta tena, mpaka pampu inashindwa. Tenki likijaa, hewa iliyobaki juu ni kidogo, kwa hiyo linajibana upesi. Ndiyo ile shibe iliyokuwa inaniua.

Sikumwambia Mzee Sefu. Angesema nimetunga usiku kucha. Tukapanda, tenki limejaa.

Kabla ya Magara, ikakohoa. Ikajivuta. Kimya.

Nikashuka, nikaweka mikono mfukoni. Wavuvi walewale wakaanza kusogea.

"Washa," akasema. Nikawasha. Hakuna. Mara ya pili, hakuna.

"Patron, mimi sigusi. Fungua weye mwenyewe, pole pole, na usikilize."

Akashika kifuniko. Hakikuzunguka. Akakaza mikono yote miwili, kikaachia, na tenki likavuta pumzi: *fyuuuuu!* Refu, mpaka mvuvi mmoja akaruka nyuma akasema bismillahi.

Nikarudi kwenye usukani. Ikawaka mara moja.

Mzee Sefu alibaki amesimama na kifuniko mkononi. Akakigeuza. Akaona mpira wake, nta yake, kazi ya mikono yake.

"Na ndagala?" akauliza mwishowe.

"Ndagala tuhamishie mbele, patron. Huku nyuma tuweke mawese."

Akaubandua ule mpira kwa kucha. Hakuniomba msamaha, wazee wale hawakuwa na desturi hiyo kwa shoferi. Lakini jioni aliufunga kwenye funguo za kamyoneti, na kila aliyeuliza pale kijiweni alimwinulia aone.

"Huyu ndiye mwizi wa esansi. Nimemukamata mwenyewe."

Sabini na mbili, mauaji yalipoingia Burundi, nilivuka ziwa kuja Kigoma. Mzee Sefu sikumwona tena. Mengine ya mwaka ule si ya uzi huu.

Wakuu, nilichojifunza: fanya jambo moja, kisha jaribu. Ukifanya manne, hutajua lipi limeponya. Na mwenye gari linalozima hapa chini aandike linavyozima: linakohoa kwanza, au linakata ghafla? Tenki likijaa, au likiisha? Nitajibu kila mmoja taratibu.

Ila kabla hujaandika, wewe ambaye linakohoa kisha linakata: likizima tena, egesha pembeni, hakikisha hakuna moto wala sigara karibu, usiguse kitu kingine chochote. Fungua kifuniko cha tenki polepole, tega sikio, kisha uwashe.