Matofali ya Tanuri la Miwati

Mwaka ule mvua zilizidi, na kiwanda kidogo nje ya Njombe, kilichochemsha magome ya miti ya miwati kupata dawa ya kulainishia ngozi, kikasimama. Mume wangu alikuwa mchochea moto pale. Matofali ya ndani ya tanuri, yale ya Ulaya yanayostahimili moto mkali, yalikuwa yamepasuka, na lori lililoleta mengine lilikwama matopeni kabla ya kufika Makambako.

Fundi mkuu, Mzungu, alisikia kwamba mimi na mama mkwe ni wafinyanzi. Akaja kuomba udongo. Mama mkwe alimpeleka bondeni kwenye udongo mweupe, ambao hatukuutumia kwa vyungu kwa sababu moto wetu wa kuni haukuuivisha. Fundi akasema huo ndio aliokuwa akiutafuta. Sisi tulizoea kutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo mpya ili chungu kisipasuke. Yeye akatuletea matofali yaliyovunjika, tukayatwanga vivyo hivyo, tukayachanganya na udongo mweupe na kufinyanga matofali mapya.

Matofali yetu yalihitaji mwezi mzima kukauka kivulini. Siku ya kumi fundi akaja kuyachukua. Nilimweleza kwamba ndani bado yana maji. Akajibu kuwa watayachoma polepole, na kwamba kiwanda hakiwezi kungoja.

Jioni ya kuamkia siku ya kuwasha, mume wangu aliacha ugali katikati.

"Kesho nitasimama mbele ya mlango wa tanuri," alisema. "Niambie kweli. Yatashika?"

"Sijui," nikamwambia.

Akanawa mikono. Hata leo sijui kama ilikuwa afadhali nimdanganye.

Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikaenda na mama mkwe hadi kwenye uzio wa kiwanda. Moshi ulitoka mweusi, kisha ukawa mwembamba. Nilianza kupumua. Mara ukasikika mlio kama chungu kinapopasuka motoni, ila mkubwa zaidi. Watu wakatoka mbio. Nikatafuta uso wake kati yao, sikuuona. Mama mkwe akanishika mkono kwa nguvu.

"Tulia, mwanangu. Una mtoto mgongoni."

Mume wangu alitoka wa mwisho, akitembea, majivu yamemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa amebaki kuvuta kuni nje ili tanuri lipoe. Matofali mawili juu ya mlango yalikuwa yamepasuka. Mengine yote yalishika. Wakaziba pengo, wakawasha tena, na tanuri likafanya kazi hadi lori lilipofika.

Baadaye fundi alirudi kutaka matofali mengine, safari hii ya akiba. Nilimwambia nitafinyanga, na yatakauka mwezi mzima, lakini kwanza mume wangu aondolewe kwenye moto. Fundi alimtazama mama mkwe, kana kwamba yeye angenikataza. Mama mkwe aliendelea kutwanga vigae.

Wakampeleka mume wangu kwenye uwanja wa kuanikia magome. Alininunia siku nyingi, maana wachochea moto ndio walioheshimiwa pale. Mimi nilishuka bondeni na jembe langu.