Mapipa Manne ya Chambo Hai

Siku yangu ya kwanza kazini niliwafikisha Lupiro samaki sitini, na wote sitini wamelala ubavu. Nilikuwa nimewatega alfajiri kwenye kijito cha Kisawasawa, nikawatia kwenye dumu la lita ishirini, nikalifunga nyuma ya baiskeli na kukanyaga pedali kama mtu anayefukuzwa na tembo wawili. Lakini kila nilipokutana na mtu mzima nilishuka, nikatoa shikamoo, nikaulizwa habari za nyumbani, nikazijibu zote mpaka za kuku. Pale kivukoni, maana daraja lilikuwa halijajengwa, niliwaamkia wazee kiasi cha kumaliza ukoo mzima. Nilikuwa na adabu sana siku ile, na adabu ndiyo iliyowaua samaki.

Mkuu wa Kambi, mzee mrefu aliyesimamia kambi ya wavuvi na wageni upande ule wa mto, alichungulia ndani ya dumu. Kisha akanieleza kwamba maji yanapata hewa yakitikisika. Baiskeli ikisimama, samaki wanaanza kukosa pumzi. Nilidhani kazi imeishia hapo. Akasema, "Bwana mdogo, kubeba dumu hata punda anaweza. Wewe nimekuajiri uwe na wasiwasi kwa niaba yao."

Basi nikawa na wasiwasi, na ninyi vijana mnaosoma haya mjue kwamba ndio ulionilisha mimi na watoto wangu sita. Chambo hai ni samaki mdogo wa urefu wa kidole, anayetundikwa kwenye ndoana akiwa mzima ili kumvuta samaki mkubwa. Kitoga mzee, samaki yule mkubwa mwenye masharubu anayelala chini ya mizizi, humwachia kambale nyama iliyooza. Yeye anataka kitu kinachocheza. Kwa hiyo kazi ya mbeba chambo ni moja tu, samaki afike akiwa anacheza, na kutoka Kisawasawa mpaka mtoni kuna mambo elfu moja yanayotaka asifike.

Tulitega kwa migono, ile mitego ya kusuka inayokaa mdomo wazi majini, na tuliwahamisha samaki kwa kikombe. Mkono mkavu unamtoa ute, na samaki aliyetoka ute ni kama mtu aliyechunwa ngozi. Siku moja kabla ya safari hatukuwalisha, tukisema tunawafungisha, ili wasichafue maji njiani. Dumu lilijazwa robo tatu, likakatwa tundu kubwa juu na kuvikwa gunia lililoloweshwa ili jua lisiyapike maji. Nilizoea kugeuka nyuma kila baada ya nguzo chache za umeme. Wakiwa chini wametulia, nashukuru. Wakipanda juu na kupiga miayo, nachota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu, nachota na kumwaga, mpaka mkono uingie ganzi. Maji ya bomba ya mjini yana dawa ya kuyasafisha, kwa hiyo lazima yalale kwenye beseni wazi siku nzima kabla samaki hajaguswa nayo. Hilo la dawa nililijua mapema kabisa. Naomba mlikumbuke.

Nikawa mtu wa kupita bila kushuka. Wazee wa Ifakara walisema mtoto huyu amepata kazi amepata na kiburi; nikawa natoa shikamoo kwa kupaza sauti huku napita, jibu nalisikia niko mbali. Baada ya kambi nilihamishiwa kwa Bwana Samaki, ndivyo tulivyomwita afisa wa uvuvi, nikawa nambebea vifaranga vya perege vya kupanda kwenye mabwawa ya watu. Jioni nilisoma elimu ya watu wazima. Miaka mitatu mchana nabeba madumu, jioni nasinzia juu ya somo la Baiolojia pamoja na mafundi cherehani na wauza mitumba, mpaka nikapata cheti. Cheti chenyewe nilikitundika sebuleni juu zaidi ya picha ya harusi, na Mama Tekla, mke wangu, alikitazama, kisha akaitazama picha.

Kwa cheti hicho Katibu wa chama cha wavuvi wa Namawala alinipa cheo: Msimamizi wa Chambo. Ofisi yangu ilikuwa mapipa manne makubwa chini ya paa la nyasi, kando ya mfereji. Wavuvi walikuja asubuhi na ndoo zao, nami niliwapimia samaki na maelezo ya kitaalamu ambayo hakuna aliyeyaomba. Juu kidogo ya mfereji ndipo ng'ombe wa Mzee Masanja walipokunywa. Masanja ni Msukuma aliyehamia na mifugo yake, mtu wa maneno machache na mazito, na tulijiundia utani wetu wenyewe. Yeye aliniita Bwana Chambo, akadai kwao samaki wa ukubwa ule hupewa paka, na paka hukataa. Mimi nilimwambia ng'ombe wake wamekonda hata kivuli hawatoi.

Shida yangu ilikuwa kuwatoa samaki kwenye pipa bila kuwagusa. Kikombe ni kazi ya asubuhi nzima. Msomi akafikiri, akapata jibu: nishone mifuko ya neti, kila pipa livishwe mfuko wake kwa ndani, na asubuhi nivute mfuko juu samaki wote waje pamoja. Nyumbani tulikuwa na vyandarua viwili vya kuzuia mbu, vipya, tulivyogawiwa zahanati, bado kwenye pakiti zake. Neti laini, matundu madogo, kama vimetengenezwa kwa ajili yangu. Nikavikata na kushona Ijumaa nzima, nikavalisha mapipa yote manne, nikabadilisha na maji, nikichota mapya mferejini. Nililala kama mbunge.

Jumamosi asubuhi mapipa yote manne yalikuwa meupe juu kwa matumbo ya samaki. Mia sita, labda zaidi. Wavuvi walisimama na ndoo tupu wakinitazama kana kwamba nimewala mimi. Mmoja wao akasema alimwona Masanja Ijumaa akiwapulizia ng'ombe dawa ya kupe. Maneno yale yalipita kama moto kwenye mpunga uliokauka. Mfereji ni mmoja, ng'ombe wako juu, mapipa yako chini. Katibu aliniuliza mimi mtaalamu naonaje. Nikasema dawa ya kupe inaua samaki haraka sana, jambo ambalo ni kweli. Sikusema zaidi ya hapo, na sikuhitaji kusema.

Masanja aliitwa. Alieleza kwamba alipulizia bomani kwake, mbali na mfereji, na ng'ombe hawakuletwa majini mpaka dawa ilipokauka. Hakuna aliyemsikiliza. Katibu akatangaza kwamba Alhamisi Mwenyekiti wa kijiji ataitisha mkutano, na chama kitaomba njia ya mifugo ya kwenda mferejini ifungwe. Kilikuwa kiangazi cha kukausha mate. Bila njia ile ng'ombe wa Masanja wangebakiwa na mto mkubwa peke yake, mbali, na mto ule una mamba.

Jumapili baada ya misa Mama Tekla alitafuta vyandarua vyake. Nikamwambia viliko. Alikaa chini polepole.

"Baba Tekla," alisema, "nesi alituambia vile vina dawa. Tuvianike kivulini siku nzima kabla ya kuvilalia."

Nikainuka kutafuta ufunguo wa pikipiki.

"Mtu mzima aanike kwanza ndipo alale. Samaki wako umewalaza bila kuanika?"

Nilipanda pikipiki mpaka kwenye mapipa. Nilichota ndoo mbili za maji ya mfereji ule ule, nikaweka samaki kumi kumi kutoka mgono uliokuwa bado majini. Ndoo moja nikatia kipande cha chandarua. Nikakaa katikati yao kama mwamuzi. Hata saa moja haikuisha. Wa ndoo yenye chandarua walianza kukimbia ovyo, wakagonga kuta, wakazunguka, wakageuka. Wa ndoo ya pili walikuwa wanacheza. Nikawatazama wale wazima mpaka jua likageuka, nikiomba wafe.

Hivyo Jumapili mchana nilijua. Jumatatu nilikwenda kwa Mwenyekiti, nikamkuta, nikaongea naye habari za mpunga, nikarudi. Jumanne nilijiambia nitaanza na Katibu, kisha nikakumbuka kwamba vyandarua vya serikali kuvifanyia mambo ya samaki ni kosa, na kwamba cheo changu kina miezi minne tu. Jumatano nilizunguka njia ya mbali kwenda kwenye mapipa. Nilimwona Masanja kwa mbali, bila ng'ombe. Ng'ombe hakuwapeleka mferejini tangu Jumapili, kwa hiari yake, ili watu wapoe. Mama Tekla alinipikia, akanitandikia, na hakuniuliza kitu hata kimoja. Afadhali angeuliza.

Alhamisi mkutano ulijaa. Katibu alisema yake, wavuvi wakaunga mkono, na Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno kabla hajaamua. Nikajiona nimesimama. Nilikuwa na ndoo zangu mbili na vipande vya chandarua kwenye mfuko wa rambo. Nilisema, "Dawa haikutoka kwa ng'ombe. Ilitoka kwangu." Nikaeleza mifuko, pakiti, nesi, jaribio. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto anayesoma risala. Kulikuwa na miguno, kulikuwa na mtu aliyecheka na kusema cheti kile ni cha kuulia samaki. Mwenyekiti aliupima ule mfuko mkononi, kisha akasema njia ya mifugo haifungwi.

Nikapumua. Nilidhani yameisha. Masanja akanyanyuka, fimbo yake mkononi.

"Nashukuru Bwana Chambo amesema," alianza, bila hasira. "Jumanne niliwapeleka ng'ombe mto mkubwa. Mamba amechukua ndama." Akageuka kwangu. "Wewe ulijua lini?"

Watu wote walinigeukia. Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema leo asubuhi, nani angebisha.

"Jumapili," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, mara moja, akakaa.

Chama kilinivua cheo, na haki yao. Nikarudi kwenye madumu, safari hii kwa pikipiki, nikabeba chambo miaka mingine tisa mpaka mgongo ulipogoma kabisa. Mfadhaiko wa kazi haukupungua hata kidogo. Ulihama tu mahali. Zamani nilikuwa nageuka nyuma kuangalia dumu. Baada ya pale nilikuwa nanusa kamba, nanusa ndoo, nauliza gunia hili lilibeba nini juzi, kikombe hiki kimeoshwa kwa sabuni gani, na wavuvi walinicheka kwamba nanusa kama mbwa wa bandarini. Samaki wangu walifika. Ndama nilimlipa Masanja kwa ndama, akampokea, akamchunguza meno, akasema amekonda hata kivuli hatoi.

Sasa nimestaafu. Vijana wa siku hizi wana pampu ndogo za betri zinazopuliza mapovu ndani ya ndoo, na samaki wanafika Lupiro wakiwa wamestarehe kuliko abiria. Wanakuja kuniuliza siri ya kazi. Nawapa yote: ute, kufungisha, gunia lililoloweshwa. Nawaambia samaki wakifa, kabla ya kutazama juu ya mfereji watazame kwanza walichotia wao wenyewe kwenye pipa, na wakishaona, wasilale nacho. Hapo huwa wanaitikia ndiyo mzee, wakiwaza pampu zao.

Jioni natembea kandokando ya mfereji. Ng'ombe wanakunywa, Masanja ameegemea fimbo yake, ananiita Bwana Chambo na kuniuliza paka wangu hawajambo. Tunacheka, tunaongea mvua, tunaongea magoti. Lile swali la nilijua lini hajaniuliza tena, na mimi bado sina jibu jingine ila Jumapili.