Shemeji na Kikomo cha Bafa

Mume wa dada yangu ni mtu wa taratibu mpaka anaudhi. Ukimwomba chumvi mezani, anauliza kwanza kiasi gani. Mimi hasira zangu ziko puani, na nimekaa jirani naye miaka kumi na minne. Bado nampenda, sijui nimewezaje.

Kazini pia tuko pamoja, hospitalini. Mimi napiga picha za eksirei. Yeye anatunza seva, ile kompyuta inayopokea picha zangu na kuwafikishia madaktari wodini. Inatumia mfumo huria, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua, kuusoma na kuubadilisha. Kila badiliko analiandika daftarini: tarehe, namba ya zamani, namba mpya, sababu. Na hagusi namba mbili siku moja.

"Ukigusa mbili, shemeji, ikipona hujui kilichoiponya," huniambia.

Mwaka jana picha zikaanza kukwama. Kila saa nne asubuhi, madaktari wote wanapofungua picha kwa pamoja, mtandao ukawa unaganda. Mkurugenzi akampa hadi Ijumaa: siku hiyo ikikwama tena, seva inang'olewa, unaletwa mfumo wa kununua wenye mafundi wake, na yeye anahamia stoo kuandikisha magodoro. Alirudi ofisini, kile chumba chembamba nyuma ya dobi, akafungua daftari lake. Niliumia sana. Seva ile aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande.

Chanzo alikipata Jumanne. Data inayopita kwenye mtandao hukaa kwanza kwenye vipande vidogo vya kumbukumbu viitwavyo bafa, kama maji yanavyosubiri kwenye ndoo, na mfumo umewekewa kikomo cha ndoo hizo. Zikiisha, anayeomba ananyimwa. Akanionyesha kwenye skrini maombi yaliyokataliwa asubuhi ile moja: elfu tisa na ushee.

"Si uongeze tu?" nikamwambia. "Weka mara ishirini, yaishe!"

Akanisikiliza. Hofu ya magodoro hiyo, maana kwa kawaida hanisikilizi hata nikimwambia mvua inanyesha. Aliongeza mara ishirini, bila kupima, bila kuandika.

Jumatano saa nne, bafa zikala kumbukumbu yote na programu ya picha ikazimika. Akajaribu kuingia kwenye seva kutoka mezani kwake, haimjibu. Basi akatoka mbio kwenda ilipo, kibodi kwapani, mkono mmoja umeshika suruali isimvuke. Sikuwahi kumwona akikimbia. Nilicheka, kisha nikakumbuka ni nani aliyemponza.

Nilijua atanitaja, na ingekuwa haki yake. Lakini alikwenda kwa mkurugenzi peke yake, akasema, "Kosa ni langu. Nilibadilisha namba bila kupima." Akajibiwa kwamba Ijumaa ni ileile. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi alishinda akipima: bafa ngapi zinatumika saa ya msongamano, kila moja ina ukubwa gani, kumbukumbu inayobaki ni kiasi gani. Kisha akaweka namba moja tu, mara mbili na kidogo ya ile ya awali, akaiandika kwa kalamu nyekundu. Safari hii nilifunga mdomo.

Ijumaa nilimwachia mwenzangu mashine, nikakaa naye tukiitazama simu. Saa nne ikapita. Nne na nusu. Saa tano kamili skrini ilisema maombi yaliyokataliwa ni sifuri, na hakuna aliyepiga. Tukapanda kwa mkurugenzi. Yeye naye ni daktari, na alikuwa ameinamia picha ya kifua ya mgonjwa kwenye kompyuta yake.

"Mkuu, ni ile habari ya seva," shemeji akasema.

"Seva ina nini?"

"Haina kitu."

"Sasa?" Akarudi kwenye picha yake, akaikuza, akafungua nyingine, na nyingine.

Nilishafungua mdomo nimpe vipande vyake, shemeji akanivuta shati mpaka nje. Kwenye korido akaegemea ukuta, machozi yanamtoka, nami nikadhani ameumia.

"Umeona, shemeji?" akasema. "Amefungua tatu. Hata hakusubiri."