Nilimwambia wifi yangu ziwa ndilo lililoniponya kisukari

Admin, naomba ulifiche jina langu kabisa, hapa mjini tunajuana sote. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, fundi cherehani hapa Mbinga, nina mume na watoto watatu. Mtakaonitukana nitawaelewa, ila mkimaliza kunitukana naomba mnisaidie.

Mpaka mwaka juzi nilikuwa na kilo mia na ishirini na kitu. Kisukari nimeishi nacho miaka minane, kwanza vidonge, baadaye na sindano. Macho yalianza kufifia mpaka nikawa namwita binti yangu anitungie uzi. Daktari mmoja wa Dar akaniambia ninafaa kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula, na kwamba kwa wengi sukari nayo hushuka, ingawa si kwa wote. Mume wangu alikubali. Nikamwapisha kwa rozari asimwambie mtu yeyote, hata mama yake.

Mtauliza siri ya nini. Mama mkwe aliwahi kusikia habari za upasuaji huo redioni, akacheka mpaka akafuta machozi. "Mtu akatwe tumbo kwa kushindwa kufunga mdomo!" Nami nilikuwa nimekaa pale pale na sahani yangu mapajani. Niliona aibu ambayo sijaisahau mpaka leo.

Basi tukaaga kwamba nakwenda Mbamba Bay, kule ziwani, kupumzika kwa mama mdogo. Na kweli nilifika kwake, ila nikitokea hospitali, naye pia nikamwapisha asiseme. Nilikaa wiki sita nikinywa uji mwepesi na mchuzi wa samaki, kijiko kimoja kimoja, maana tumbo halikupokea zaidi. Sukari ilishuka mapema kuliko hata uzito. Daktari akaniondoa kwenye sindano, baadaye na kwenye vidonge, akanionya nisiache kupima kwa sababu inaweza kurudi.

Niliporudi Mbinga watu walinishangaa. Jumapili kwenye jumuiya, tulipomaliza kusali, mwenyekiti akasema, "Mama, hebu tuambie na sisi, umefanyaje?" Ningeweza kusema ni Mungu tu, nikanyamaza. Lakini mdomo wangu ukakimbia: "Ni ziwa. Nilikula ugali wa muhogo kidogo na dagaa wa usipa, asubuhi naoga maji ya ziwani. Sukari imeondoka, sindano nimetupa." Wakapiga vigelegele. Jamani, nilifurahi. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nasogezewa viti viwili kwa utani, leo wanataka kujua siri yangu.

Siku hiyo alikuwepo wifi yangu, nimwite Mama Hyasinta, si jina lake. Ni dada wa mume wangu, mjane, analima kahawa na mahindi huko Litembo, naye anajichoma sindano ya kisukari miaka mingi. Huyu ndiye aliyenikanda maji ya moto nilipojifungua watoto wote watatu. Jioni alinifuata jikoni akafunga mlango.

"Wifi, niambie mimi. Kweli hata sindano hutumii?"

"Kweli, wifi."

Sikuwa namdanganya, ndivyo nilivyojitetea moyoni. Sindano kweli situmii.

Alipomaliza kuvuna kahawa akatuambia anakwenda Mbamba Bay kumsalimia mama mdogo. Dawa zake aliziacha Litembo, na hakumwambia mtu. Akala usipa, akaoga ziwani kila asubuhi. Wiki ya tatu alikanyaga jiwe lenye ncha, hakusikia hata maumivu. Kidonda kikaoza. Walipomrudisha kwa gari alikuwa hajitambui. Amekatwa vidole viwili vya mguu wa kulia, na madaktari wanasema kidonda kisipokauka watapanda juu zaidi.

Nilipomwambia mume wangu yale niliyosema jikoni, alizima redio. Kisha akasema, "Mimi nilinyamaza kwa sababu uliniapisha. Sikujua kama umemtuma dada yangu ziwani. Utamwambia mwenyewe. Alhamisi ikipita hujasema, nasema mimi, kiapo au si kiapo."

Sasa sikieni lililonileta hapa. Jumatatu nesi alinivuta pembeni wodini. "Mama, mgonjwa wako anazikataa sindano. Leo asubuhi ameukunja mkono kabisa. Zungumza naye, anasema anakuamini wewe." Nikajiambia ndiyo saa yenyewe, maana mficha uchi hazai. Nikaingia nimejiandaa kabisa. Mama Hyasinta akanishika mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mtoto aliyefeli mtihani:

"Wifi, mimi nilikosea wapi? Ule usipa wako ulikuwa mbichi au wa kukausha?"

Na mimi, ndugu zangu, huku nikiutazama mguu wake umefungwa bandeji, nikajibu, "Wa kukausha."

Akatikisa kichwa, akatabasamu. "Ndiyo maana. Mimi nilikula mbichi." Nikatoka nje. Sijui shetani gani aliushika ulimi wangu. Najua tu kwamba niliogopa uso wake ungebadilika, na kwamba mama mkwe alikuwa amekaa kitanda cha pili akitusikiliza.

Ijumaa wanamruhusu, maana ameng'ang'ania mwenyewe atoke. Ameshamwomba mama mdogo amwekee usipa mkavu, na anataka nimsindikize mimi mwenyewe nimwonyeshe nilivyofanya. Leo ni Jumanne. Sindano bado anazikataa, anamwambia nesi kwamba wifi yake alipona bila hizo.

Nishaurini, ninyi mliowahi kukosa hivi. Kesho saa sita nampelekea uji. Nikishaweka bakuli mezani, naanza na neno gani?